KOMPYUTA IKIWA NZITO, TUPIME KWANZA KABLA YA KUUZA NG'OMBE

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo pamoja na vijana wao, Bariadi, mkoa wa Simiyu

   

 Sisi ni walimu na mafundi wachache tunaosaidiana kufundisha kompyuta hapa Bariadi. Leo mmetuomba tuzungumze juu ya jambo moja tu. Vijana wenu wanajifunza kuandika programu za kompyuta, na kompyuta zao zimekuwa nzito. Kijana anabonyeza, anangoja. Anaandika mstari mmoja, maneno yanatokea baadaye. Akitaka kuijaribu programu yake, anaweza kwenda kuteka maji na kurudi, akakuta kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo.

Tumesikia kwamba katika nyumba nyingine umezuka ugomvi. Mzazi anasema, "Tulikununulia mashine kwa jasho la pamba, wewe unaichezea." Kijana anajibu, "Mashine ni mbovu, ninunulieni nyingine." Na wapo waliokwisha kusema kwamba ng'ombe mmoja wa plau auzwe ili ipatikane kompyuta mpya. Ndugu zetu, hapo ndipo tulipoona haja ya kuja mbio. Ng'ombe wa plau hutembea wawili wawili. Ukimuuza mmoja, umeuza jozi nzima. Mvua zikianza, hakuna atakayelima kwa kompyuta. Na pengine kompyuta yenyewe haina ugonjwa wa kuuzia ng'ombe.

Basi leo tujifunze kupima. Mganga mwema hupima kwanza, halafu ndipo anatoa dawa. Na sisi tufanye vivyo hivyo.

JE, JAMBO HILI LINATUHUSU SISI?

Wengine watauliza: sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, kompyuta inatuhusu nini? Tunajibu: inatuhusu sana, maana fedha ni zetu na watoto ni wetu.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hapa Kanda ya Ziwa kazi ilikuwa imeanza hata kabla ya hapo, mwaka 1968, kwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa. Siku hizo Bariadi ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga; mkoa wetu wa Simiyu umeanzishwa mwaka 2012. Katika kisomo kile mtu hakujifunza herufi tu. Alisoma huku akijifunza kilimo bora cha pamba. Alijifunza kusoma mzani ili asipunjwe. Basi kujua kompyuta inaumwa nini ni kama kujua kusoma mzani. Asiyejua kusoma mzani hulipa bei anayotajiwa.

Tena nchi yetu ina historia na mashine hizi. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, na leo kompyuta za mpakato zinauzwa hata kwenye maduka ya mjini Bariadi, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Lakini kununua mashine ni jambo moja, na kuijua ni jambo lingine.

NDANI YA KOMPYUTA MNA NINI?

Tusitishwe na majina. Fikirini kazi ya kuchambua pamba nyumbani, kutenga pamba safi na pamba fifi.

Mna ghala. Humo mmeweka pamba yote. Katika kompyuta ghala ndiyo diski. Mashine ikizimwa, vilivyomo kwenye diski vinabaki.

Mna jamvi. Mkitaka kuchambua, mnatoa pamba ghalani na kuimwaga juu ya jamvi. Katika kompyuta jamvi linaitwa rami. Jamvi likiwa kubwa, mnamwaga nyingi kwa mara moja. Jamvi likiwa dogo, mnamwaga kidogo, mnarudisha, mnatoa nyingine. Mashine ikizimwa, jamvi linakung'utwa na kubaki tupu.

Halafu mna watu wanaochambua. Mikono yao ndiyo prosesa. Hiyo ndiyo inayofanya kazi yenyewe ya kuhesabu na kulinganisha.

Sasa tuulizane. Kazi ya kuchambua ikichelewa, kosa ni la nani? Pengine watu ni wachache. Pengine watu wapo lakini jamvi ni dogo. Pengine jamvi ni kubwa lakini mlango wa ghala ni mwembamba na aliyetumwa kuleta pamba anakawia. Ukiongeza watu wakati tatizo ni jamvi, umetupa fedha. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta pia.

ZANA ZA VIJANA HAZILINGANI UZITO

Programu ni maagizo ambayo kompyuta inayafuata hatua kwa hatua. Kijana anapoandika maagizo hayo anatumia zana. Zana hiyo inasoma kila anachoandika, inamwonyesha makosa, na mwisho maagizo yanageuzwa kuwa lugha ambayo prosesa inaielewa. Hiyo ni kazi kubwa inayofanyika kimyakimya.

Zana hizo ziko za namna nyingi. Kuna ndogo kama jembe la mkono. Mfano ni Thonny, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu, nchi ya Estonia, kwa ajili ya wanaoanza kujifunza lugha ya Python. Kuna za kati kama plau. Mfano ni Visual Studio Code, iliyotoka mwaka 2015. Wenyewe wanasema inaweza kuanza na rami ya GB 1 tu, ingawa ukiibebesha viongezo vingi inataka zaidi. Na kuna kubwa kama trekta. Mfano ni Android Studio, ya kutengenezea programu za simu. Hiyo kwa miaka mingi wenyewe wameandika kwamba inataka rami isiyopungua GB 8, na ukiwasha ile simu ya mfano ndani ya kompyuta inataka zaidi ya hapo.

Sasa kompyuta nyingi tunazoziona zikiletwa kwetu zina rami ya GB 4. Na Windows 11 peke yake inataka isiyopungua GB 4. Je, kijana akiweka Android Studio humo, jamvi litatosha? Halitoshi! Siyo uvivu wa kijana, wala siyo ubovu wa mashine. Ni trekta limefungwa kwenye nira ya punda.

Jambo hili halikuanzia Bariadi. Bwana mmoja wa Uswisi, Niklaus Wirth, aliyetengeneza lugha ya Pascal mwaka 1970, aliandika mwaka 1995 kwamba programu zinazidi kuwa nzito haraka kuliko mashine zinavyozidi kuwa na kasi. Basi kumbe hata wataalamu wakubwa walilalamika.

MASWALI MANNE YA KUMUULIZA KIJANA

Kabla hamjaenda kwa fundi, mzazi na mtoto wakae pamoja. Mzazi aulize, kijana aandike majibu kwenye daftari.

La kwanza: uzito huu ulianza lini? Ulianza siku ya kwanza, au ulianza baada ya kuweka kitu fulani? Kama mashine ilikuwa nzuri hadi juzi, basi juzi kuna kilichobadilika. Tukitafute hicho.

La pili: ni kila kitu kizito, au ni ile zana ya programu tu? Kama hata kufungua barua moja ni shida, ugonjwa uko kwenye mashine nzima.

La tatu: inakuwa nzito wakati gani? Wakati wa kuwaka, wakati wa kuandika, au wakati wa kuijaribu programu?

La nne: ni muda gani hasa? Usiseme "inachelewa sana." Chukua saa, uhesabu. Andika: kuwaka, dakika 4, kufungua zana, dakika 3, kujaribu programu, dakika 7. Baadaye ukitoa dawa, hesabu tena. Bila hesabu hutajua kama dawa imesaidia au ni moyo wako tu unaojifariji.

TUPIME KWA MACHO YETU

Mashine za Windows zina dirisha la kupimia. Huna haja ya kulinunua, limo tayari. Bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloitwa Task Manager. Humo mna orodha ya programu zote zinazofanya kazi sasa, na juu yake pana tarakimu za asilimia. Penye neno CPU ni prosesa. Penye neno Memory ni rami. Penye neno Disk ni diski.

Liache dirisha hilo wazi. Kisha kijana afungue zana yake na kufanya kazi yake ya kila siku. Sote tutazame tarakimu. Hii siyo kazi ya mtaalamu. Anayejua kusoma namba anaweza.

Kama rami imepanda hadi asilimia 90 na kuendelea, jamvi ni dogo. Jamvi likijaa, kompyuta inaanza kutumia sehemu ya ghala kama jamvi, inapeleka na kurudisha bila kupumzika. Hapo ndipo kila kitu kinaganda.

Kama rami ina nafasi lakini diski iko asilimia 100 kwa muda mrefu, mlango wa ghala ndio unaochelewesha.

Kama prosesa iko asilimia 100, tazama jina la programu iliyo juu ya orodha. Pengine ni zana ya kijana. Pengine ni programu ya kukinga virusi. Pengine ni programu ileile ambayo kijana ameiandika mwenyewe!

Na kama zote tatu ziko chini, lakini kazi haisogei, basi kompyuta inangoja kitu cha nje. Mara nyingi inangoja mtandao.

DAWA ZISIZO NA GHARAMA

Sasa tuje kwenye dawa. Tuanze na zile za bure.

Kwanza, zima mashine na kuiwasha upya. Wengi hufunga mfuniko tu, wiki hata mwezi. Na katika Windows, hata ukichagua kuzima, mara nyingi haizimi kabisa; inaweka akiba ili kesho iwake haraka. Chagua ile njia ya kuwasha upya, ndiyo inayokung'uta jamvi.

Pili, funga visivyohitajika. Kijana anaandika programu huku amefungua kurasa 20 za intaneti, muziki na mpira. Kila kimoja kinakalia jamvi. Katika lile dirisha la kupimia kuna pia orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi. Zizime zile zisizo za lazima. Programu ya kukinga virusi iache.

Tatu, tazama nafasi kwenye diski. Ghala lililojaa hadi mlangoni halipitiki. Futa filamu na vitu vya zamani, au vihamishe.

Nne, kazi ya programu isiwekwe kwenye flashi. Tumeona vijana wengi wanaoweka kazi zao zote kwenye flashi ili wabebe shuleni. Flashi nyingi ni polepole sana kwa mafaili madogomadogo, na kazi ya programu ina mafaili hayo kwa maelfu. Fanyia kazi kwenye diski ya ndani. Flashi iwe ya nakala tu.

Tano, viongezo. Zana kama Visual Studio Code huwekewa viongezo vya kupamba na kusaidia. Kimoja kibaya kinaweza kuizuia zana nzima. Je, ukiwa navyo 16, utampataje mkosaji? Usijaribu kimoja kimoja. Zima 8. Kama uzito umekwisha, mkosaji yumo katika hao 8. Kama bado upo, yumo katika wale wengine. Gawa tena, zima 4, halafu 2, halafu 1. Kwa mara 4 tu umemshika. Sungusungu wenyewe wasingemkamata upesi zaidi!

Sita, mlinzi anayepekua kila mtu. Programu ya kukinga virusi hupekua kila faili linalofunguliwa. Zana ikifungua mafaili maelfu, mlinzi anayapekua yote. Inawezekana kumwagiza mlinzi asipekue folda moja tu, ile ya kazi ya kijana. Lakini sikilizeni vizuri. Msimfukuze mlinzi. Na folda hiyo isiwekwe kitu kilichotoka kwenye flashi ya mtu mwingine. Virusi husafiri kwa flashi kama upele unavyosafiri kwa nguo za kuazimana.

Saba, mtandao. Zana kama Android Studio, mara ya kwanza inapotengeneza programu, huvuta vifaa vingi kutoka ng'ambo kupitia intaneti. Kama mtandao ni dhaifu, au bando limekwisha, itakaa inangoja. Mtu akitazama atasema kompyuta ni nzito. Siyo! Ni sawa na kumlaumu mwenye mashine ya kusaga wakati mahindi hayajafika. Kijana aende mara moja penye mtandao mzuri, avute vinavyohitajika, halafu nyumbani aiambie zana ifanye kazi bila mtandao. Njia hiyo ipo katika zana yenyewe.

JOTO, VUMBI NA UMEME

Hili linahusu Simiyu yetu hasa. Prosesa ikifanya kazi inatoa joto. Ikizidi kuwa ya moto, inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Ng'ombe wa plau naye jua likiwa kali hupunguza hatua. Utampiga bure.

Dalili yake ni hii: asubuhi mashine ni nyepesi, saa nane mchana ni nzito, feni inapiga kelele, na chini pana moto. Zima, iache ipoe nusu saa, uwashe tena. Ikirudi kuwa nyepesi kwa muda kisha ikawa nzito tena, umepata jibu: ni joto.

Sababu ni nini? Huku kwetu kuna vumbi, na wakati wa mavuno kuna nyuzi za pamba hewani. Vyote vinaingia kwenye feni na kuziba njia ya hewa. Tena vijana huweka kompyuta juu ya godoro. Godoro linaziba matundu ya chini. Iwekwe mezani, au juu ya ubao. Fundi aifungue na kusafisha feni kwa brashi laini, mashine ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa.

Na umeme je? Kompyuta ya mpakato ikitumia betri hupunguza mwendo ili kubana matumizi. Chaja isiyo yake, yenye nguvu ndogo, nayo inaweza kuifanya ijipunguze. Wenye umeme wa jua walitazame hilo. Pima mara mbili: mara moja chaja ikiwa imechomekwa, mara nyingine ikiwa haijachomekwa. Andika dakika. Linganisha.

PENGINE KOSA LIKO KWENYE PROGRAMU YENYEWE

Vijana, hapa tunasema na ninyi. Msiilaumu mashine kabla ya kujitazama.

Tuseme kijana anaandika programu ya daftari la wakulima wa chama cha msingi. Wakulima ni 2,000. Anataka kujua kama kuna jina limeandikwa mara mbili. Anaiagiza kompyuta ichukue kila jina na kulilinganisha na majina yote. Hesabu yake ni 2,000 mara 2,000, yaani ulinganisho 4,000,000. Kompyuta itaweza. Lakini wakulima wakiwa 20,000 je? Ni 400,000,000. Watu wameongezeka mara 10, kazi imeongezeka mara 100! Hata kompyuta mpya ya bei ghali itahema.

Angefanyaje? Angeyapanga majina kwa mfuatano wa alfabeti kwanza. Majina yakipangwa, yanayofanana yanakaa jirani. Basi inatosha kupita mara moja, kila jina likilinganishwa na linalofuata. Na kulitafuta jina moja kati ya 2,000 yaliyopangwa, kwa kugawa nusu kwa nusu kama tulivyogawa vile viongezo, ni hatua 11 tu. Ninyi wazee mnalijua hilo: daftari la mahudhurio lililopangwa vizuri halimsumbui mwalimu.

Namna ya kupima ni rahisi. Kijana aandike programu fupi ya mistari mitatu na kuijaribu. Ikienda upesi, na ile ndefu ikachelewa, kosa liko kwenye ile ndefu. Dawa yake haiuzwi dukani.

DAWA ZA GHARAMA NDOGO

Kama yote hayo yamefanyika na tarakimu bado zinaonyesha jamvi dogo au mlango mwembamba, sasa ndipo tuzungumze fedha.

Kompyuta nyingi za zamani zina diski inayozunguka. Nyingi za mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Unaweza kusema hiyo ni kasi kubwa. Lakini ndani mna kichwa kinachosogea huku na huku kutafuta kila faili, na kwa maelfu ya mafaili kinachoka. Siku hizi kuna diski za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka. Kwa mashine nyingi za zamani, kubadili diski peke yake kunaleta mwendo mpya kabisa. Na kwa mashine nyingi, siyo zote, rami pia inaongezeka: ya GB 4 inaweza kufanywa GB 8.

Lakini muwe macho. Ulizeni kwanza kama mashine yenu inakubali kuongezwa. Ulizeni bei kwa fundi zaidi ya mmoja. Vipo vifaa bandia vinavyodai ukubwa visivyokuwa nao. Visijaribiwe nyumbani, vijaribiwe mbele yenu kabla ya kulipa. Na kilichotolewa ndani ya mashine yenu ni mali yenu, mrudishiwe.

Jambo lingine kubwa kuliko yote: kabla ya fundi kugusa mashine, nakilini kazi zote za kijana mahali pawili. Diski ikiwa inatoa sauti ya kugonga, au mashine inaganda mara kwa mara kwenye faili lilelile, diski inakaribia kufa. Hapo usingoje wiki ijayo. Nakili leo leo. Mashine hununuliwa tena, lakini kazi ya miezi sita iliyopotea hainunuliwi.

Pia kuna njia ya kubadili mfumo endeshi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza kipindi cha kawaida cha kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliki kwa Windows 11. Mashine hizo zisitupwe. Ipo mifumo myepesi ya jamii ya Linux, kama Linux Mint na Lubuntu, ambayo haiuzwi. Lugha nyingi za programu zinafanya kazi humo vizuri. Wala siyo kitu kigeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu huria ya ofisini kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Na mwisho, kubadili zana. Anayeanza kujifunza hana haja ya trekta. Aanze na jembe. Akiijua Python kwa Thonny, akili aliyoipata haitapotea siku atakapopata mashine kubwa.

TUFUATE UTARATIBU

Basi, ndugu zetu, utaratibu ni huu. Kwanza uliza na uandike dakika. Pili, tazama tarakimu. Tatu, nakili kazi. Nne, jaribu dawa za bure, moja baada ya moja. Usitoe dawa tatu kwa siku moja, maana hutajua iliyoponya. Tano, pima tena. Sita, kama bado, nunua kifaa kile tu ambacho tarakimu zimekitaja. Saba, kama mashine haikubali kuongezwa na kijana amefikia kazi zinazohitaji mashine kubwa, hapo mkutano wa nyumba ukae na kuamua. Zipo nyumba ambazo kwa haki zitafika hatua ya saba. Hatusemi kwamba kompyuta mpya ni dhambi. Tunasema isiwe hatua ya kwanza. Nyumba kadhaa pia zinaweza kuchanga na kununua mashine moja nzuri ya kikundi, vijana wakapeana zamu, kama vile majirani wanavyoazimana plau.

Wazazi, tunawaomba jambo moja. Kijana anapokaa mbele ya mashine akingoja, msidhani anacheza. Kaeni naye, mkamwulize yale maswali manne. Hata asiyejua kompyuta anaweza kushika saa na kuhesabu dakika. Na ninyi vijana, tunawaomba jambo moja. Msiseme "ni mbovu" bila namba. Leteni daftari lenye dakika na asilimia, mzazi aone kwa macho yake. Fedha za nyumba zinaombwa kwa hesabu.

Kupanga ni kuchagua. Mwenye daftari la vipimo atachagua vizuri, na ng'ombe wake atabaki zizini akingoja mvua.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Jamvi, ghala na wachambuaji ni mfano wa sehemu gani za kompyuta?

2. Kompyuta ya mwanakikundi ni nyepesi asubuhi na nzito mchana. Mtapima nini kwanza?

3. Tarakimu za prosesa, rami na diski zote ziko chini, lakini zana haisogei. Kompyuta inangoja nini?

4. Daftari la kijana lina wakulima 3,000. Akilinganisha kila jina na majina yote, ni ulinganisho mara ngapi? Mshaurini njia iliyo bora.

5. Kwa nini si vizuri kutoa dawa tatu kwa siku moja?